Kasiki imegoma kufunguka Mwanza: umwite fundi yupi?

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, pale Mwaloni Kirumba. Mama mmoja anayenunua dagaa kwa jumla, ambaye namtunzia vitabu vya hesabu, alinipigia simu sauti ikimtetemeka. Malori mawili yamesimama mlangoni, madereva wanataka chao, wapakiaji wanataka chao, na kasiki yake ya fedha inalia pii-pii-pii bila kufunguka. Nilipofika nikakuta mafundi watatu wameshamzunguka. Mmoja ana mkoba wa funguo, mwingine ana grenda begani, wa tatu yuko kwenye simu anamtafuta "mtaalamu wa Dar". Kila mmoja alikuwa na bei yake, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ataharibu. Mama akanigeukia: "Mhasibu wangu, nimsikilize yupi?"

Siku hiyo sikuwa na jibu zuri. Tangu hapo nimesimama kando ya kasiki nyingine kadhaa zikifunguliwa, ofisini Nyakato, dukani katikati ya mji, nyumbani kwa watu kule Isamilo, na nimeona kazi safi na uharibifu wa kusikitisha. Nimeshaamini kwamba hakuna fundi mmoja wa kila kasiki. Aina ya kufuli, vitu vilivyomo ndani na haraka uliyonayo ndivyo vinavyomchagua fundi. Bei ije baada ya hapo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na bei.

Kabla sijaendelea: sizungumzii sanduku la vikoba lenye kufuli tatu. Hilo ukipoteza ufunguo unakata kufuli moja, unanunua jingine, kikao kinaendelea. Nazungumzia kasiki yenyewe, ile wengine wanayoiita sefu, yenye mlango mzito na kufuli lililojificha ndani ya mlango.

Kwanza hakikisha imegoma kweli

Nusu saa ya utulivu inaweza kukuokolea pesa nyingi. Kasiki nyingi ndogo za vitufe zinatumia betri nne za AA, zile za rimoti. Betri zikichoka taa bado inawaka na vitufe bado vinalia, lakini nguvu ya kuvuta pini ya ndani haitoshi. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba betri ni nzima. Kama betri zinawekwa kwa nje, weka mpya za alkalaini, siyo zile za bei ya chini zinazovuja. Kama ziko ndani ya mlango, angalia chini ya kibao cha namba kama kuna ncha mbili ndogo za chuma: aina nyingi hukuruhusu kugusisha hapo betri ya mraba ya volti 9, uishike hivyo hivyo huku unapiga namba. Nyingine zina kitundu cha kuchomeka kikasha cha betri za nje.

Kama umekosea namba mara kadhaa, acha kubonyeza. Makufuli mengi ya namba hujifungia kwa dakika kadhaa baada ya makosa manne au matano, na kila ukijaribu tena kabla ya muda, kufuli linaweza kuanza kuhesabu upya. Kanywe chai, urudi.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: makaratasi yakijaa ndani yanausukuma mlango kwa nje, makomeo yanabana, na kufuli linashindwa kuachia. Usukume mlango kwa goti kuelekea ndani huku unapiga namba na kugeuza mpini. Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi tuliita fundi, akafika, akasukuma kwa goti, ikafunguka. Tulimlipa nauli na asante.

Kasiki za kuzungusha namba zina utaratibu wake. Kwa kufuli la kawaida la namba tatu, mara nyingi ni kuipita namba ya kwanza hadi ifike mara ya nne upande mmoja, namba ya pili mara ya tatu upande wa pili, ya tatu mara ya pili, kisha unarudi taratibu hadi pakwame. Ukiipita namba hata kidogo, usirudi nyuma, anza upya. Wanaoirithi kasiki ofisini huambiwa namba bila kuambiwa mizunguko, halafu wanasema imeharibika.

Na ufunguo wa dharura? Kasiki nyingi za vitufe zina tundu lake limefichwa nyuma ya nembo au kifuniko kidogo cha plastiki. Yule mama wa Mwaloni alikuwa na ufunguo huo. Ulikuwa ndani ya kasiki.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni kilichomo ndani. Noti zinavumilia mtikisiko, hati ya nyumba haivumilii moto. Karatasi huanza kuungua na kubadilika rangi kwenye joto la nyuzi 177 hivi, ndiyo maana kasiki za kuhimili moto hupimwa kwa kikomo hicho. Flashi na diski za kompyuta ni laini zaidi: kikomo kinachotumika kwa kasiki za kuhifadhia vitu hivyo ni nyuzi 52. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi kwa cheche lazima ajue kama nyuma ya chuma kuna makaratasi au kuna flashi.

La pili, unataka kasiki ibaki kasiki baada ya kufunguliwa, au ni boksi tu ambalo utalitupa? La tatu ni muda: malori yako mlangoni, au unaweza kusubiri wiki? La nne ni bei yote kwa jumla, siyo ile ya mdomoni. Jumlisha nauli, malazi ya fundi, kufuli jipya, rangi, na kama itakatwa, bei ya kasiki mpya.

La tano ndilo linaloninyima usingizi mimi, kwa sababu wateja wangu wengi ni wanawake wanaofanya biashara ya taslimu. Anayefungua kasiki yako anaondoka akijua kwamba unayo, iko chumba gani, imefungwa kwa bolti sakafuni au haijafungwa, na pengine ameona kilichomo. Muulize anatoka wapi, ana kibanda au ofisi wapi, nani amewahi kufanyiwa kazi naye. Na yeye akuulize wewe. Fundi wa kweli atataka kuona risiti ya kasiki, leseni ya biashara, kitambulisho chako, au atataka mwenyekiti wa serikali ya mtaa awepo. Fundi anayekuja kufungua kasiki bila kuuliza ni ya nani atafungua na yako siku nyingine, akiletwa na mwingine.

Fundi funguo wa mjini

Huyu tunamfahamu sote. Ana kibanda, mashine ya kuchonga, na ubao wenye funguo ghafi, ambazo bado hazijachongwa, zinazoning'inia. Nguvu yake ni kwenye kasiki za ufunguo wa kawaida na zile ndogo za vitufe zenye tundu la dharura. Akiwa mzuri, kasiki inabaki nzima kabisa, vilivyomo ndani haviguswi, na anakuachia funguo mbili mpya.

Nilimwona mmoja kazini Isamilo, kwa mwalimu mstaafu anayeishi juu kule kwenye mawe, mahali ambapo gari linaishia chini na wewe unamalizia kwa ngazi za kuchonga. Kuibeba kasiki ile hadi mjini lilikuwa jambo la kusahau. Fundi alipanda na mkoba wake, akasalimia, "Shikamoo mwalimu," akaomba maji ya kunawa mikono. Alichukua ufunguo ghafi, akauingiza tunduni, akaugeuza kwa nguvu kidogo, akautoa na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye shaba palikuwa na alama ndogo mno, kama mkwaruzo wa ukucha. Akapiga tupa mara mbili tatu pale penye alama, akarudisha tena. Hivyo hivyo, tupa na mwanga, tupa na mwanga. Baada ya muda usiofika saa moja ufunguo ukazunguka. Mwalimu alipiga makofi.

Bei yake kwa kawaida ndiyo ya chini kuliko zote na anafika siku hiyo hiyo. Kuhusu siri, ana faida kwamba unajua kibanda chake kilipo, ila hapo hapo kibandani anaongea na watu wengi kutwa nzima.

Mipaka yake sasa. Kasiki nzito za zamani zina funguo ndefu zenye meno pande mbili, na ndani kuna vibao vingi vinavyotakiwa kuinuka kila kimoja kwa kimo chake. Ufunguo huo hauchongwi kwenye mashine ya kawaida, na ufunguo ghafi wake haupatikani kila mahali. Za kuzungusha nazo ni elimu nyingine kabisa. Fundi muungwana atakuambia, "Hii siiwezi." Tatizo ni yule asiyesema. Kuna ofisi moja ambako fundi alimimina oili chafu ndani ya kufuli la kuzungusha, kisha akagonga kizungushio kwa nyundo. Kasiki nzuri zina kinga ya pili: ukigonga au kutoboa ovyo, kuna kipande kinachoachia na kufunga makomeo upya kwa ndani, na hapo hata namba sahihi haisaidii. Ndicho kilichotokea. Aliyekuja baada yake alifanya kazi ngumu mara mbili, na sisi tukalipa mara mbili. Kwa hiyo muulize kabla hajagusa: umewahi kufungua ya aina hii? Ukishindwa utafanya nini? Akianza kutafuta nyundo, mshukuru na umrudishe.

Huyu anamfaa mwenye kasiki ndogo ya nyumbani au ya dukani, aliyepoteza ufunguo wa kawaida, na anayetaka kuendelea kuitumia.

Fundi wa grenda

Watu wanamdharau, lakini mimi namtendea haki. Kuna siku yeye ndiye jibu sahihi, na pale Mwaloni siku ile mama alimchagua yeye. Kasiki ilikuwa ndogo, ya bati lisilozidi milimita chache, ya bei ambayo faida ya lori moja ingeirudisha. Tuliibeba hadi nje, kijana akavaa miwani, akakata upande wa bawaba. Kabla saa sita haijagonga madereva walikuwa wamelipwa. Tulimpa elfu sabini. Hadi leo mama anasema hakukosea, na mimi nakubaliana naye.

Lakini nilichokiona ndani sijakisahau. Daftari la wadaiwa lilikuwa limeegemea upande uliokatwa. Ukingo wake ulikuwa mweusi, karatasi zimejikunja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, na kila ukurasa ulioufungua ulimwaga unga mweusi mezani. Majina ya wadaiwa wa kwanza kwenye kila ukurasa yalikuwa yamekwenda. Wiki mbili zilizofuata tulikaa mimi na mama tukipigia watu simu kuuliza, "Samahani kaka, unakumbuka ulichukua gunia ngapi?" Wengi walikumbuka. Si wote.

Kwenye kasiki ya kuhimili moto mambo yanabadilika. Kati ya bati la nje na la ndani kuna kijazio kinachofanana na zege au jasi, chenye maji ndani yake. Grenda inakula disiki baada ya disiki, vumbi linajaa chumba, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku. Baadhi ya kasiki za zamani zilijazwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni lina madhara ya miaka mingi. Kama kasiki yako ni ya enzi za babu na hujui kijazio chake, usikubali ikatwe ndani ya nyumba unayolala, wala mahali popote bila mtu anayejua anachokata. Gesi ya kukatia chuma ni hatari zaidi kwa vilivyomo, maana moto wenyewe unaingia ndani.

Bei yake ya mdomoni ni ndogo. Bei yake kamili ni hiyo pamoja na kasiki mpya, maana kasiki iliyokatwa na kuchomelewa tena siyo kasiki. Ni kabati zito. Matengenezo hapa hayapo. Siri nayo ni ndogo, kwa sababu kelele ya grenda inaita mtaa mzima, na umeme ukikatika katikati ya kazi una kasiki iliyofunguka nusu na watazamaji wamesimama. Weka ndugu wawili mlangoni.

Anamfaa mwenye kasiki ya bei nafuu, yenye pesa taslimu tu au vitu visivyoungua, na haraka ya kweli.

Fundi wa kasiki

Huyu kazi yake ni kasiki peke yake. Niliyemwona mimi alitoka Dar es Salaam, aliitwa na kampuni ya usafirishaji kule Nyakato baada ya mtunza fedha kuhama kazi na namba zake. Kasiki ilikuwa ndefu kama friji, ya kuzungusha, imefungwa sakafuni kwa bolti nne.

Jambo la kwanza hakugusa kasiki. Aliomba leseni ya kampuni, kitambulisho cha mkurugenzi na barua ya kumruhusu, akavipiga picha vyote. Kisha akafungua daftari lenye karatasi ya mistari ya miraba. Alikaa kwenye kigoda, shavu karibu kabisa na mlango, vidole vitatu tu kwenye kizungushio. Anazungusha, anasimama, anaandika nukta. Anazungusha, anaandika nukta. Chumba kilikuwa kimya hata ukasikia jokofu la ofisi ya pili. Ndani ya kufuli kuna visahani vyenye pengo, kila kimoja na pengo lake; alichokuwa anakitafuta ni tofauti ndogo ya mguso mapengo yanapokaribia, na zile nukta zikiunganishwa zinachora mstari wenye mabonde. Bonde likionekana, namba ipo karibu hapo. Alianza saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri aligeuza mpini, akatwambia, "Karibuni," akarudi nyuma hatua tatu na kugeuka upande wa pili ili asione kilichomo. Ile hatua tatu ndiyo iliyonifanya nimheshimu.

Si kila kufuli linafunguka kwa vidole. Kuna makufuli yaliyotengenezwa makusudi kuzuia njia hiyo, na mengine ni ya vitufe yaliyokufa mtambo. Hapo fundi anatoboa, lakini tofauti na mtu wa drili wa mtaani, yeye ana mchoro wa kufuli na anajua atoboe wapi. Tundu ni dogo kama unene wa penseli, anapitisha kamera nyembamba kuona ndani, anafungua. Bamba gumu lililowekwa kulinda kufuli linahitaji ncha za drili za pekee na uvumilivu. Baadaye tundu linazibwa kwa chuma kigumu, linachomelewa, linasagwa na kupakwa rangi, na kasiki inarudi kazini ikiwa na ulinzi wake.

Kwenye matengenezo yeye yuko mbele. Anabadilisha namba, anasafisha na kupaka grisi sahihi, anabadilisha kufuli zima. Makufuli mengi ya kasiki za ofisi yana nafasi za skrubu zinazofanana, kwa hiyo unaweza kuondoa la kuzungusha ukaweka la vitufe bila kubadili mlango.

Ubaya ni muda na bei. Akitoka Dar unalipia safari ya zaidi ya kilomita 1,000, malazi na ujira wake. Mnaweza kupunguza maumivu: tafuteni majirani wenye kasiki zinazohitaji huduma, mgawane nauli. Tuliwapata wawili Nyakato pekee. Kwa watu wa Sengerema na Geita, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, na fundi aliyeshuka Mwanza asubuhi anaweza kwenda kufanya kazi ng'ambo siku hiyo hiyo.

Anawafaa ofisi, wanunuzi wa dhahabu, saccos, maduka yenye kasiki nzito, na yeyote mwenye kitu ndani kisicho na nakala.

Aliyekuuzia, au kiwanda

Njia hii watu wanaisahau kabisa. Kila kasiki ya maana ina namba yake, aghalabu kwenye kibati mlangoni, nyuma, au kwenye kitabu chake. Muuzaji mwenye uhusiano na kiwanda anaweza kuitumia kuagiza ufunguo wa ziada au kupata maelekezo ya kufungua upya. Nilisaidia duka moja la dawa Buzuruga kwa njia hii: tukapeleka risiti, leseni na picha ya kibati, tukasubiri, ufunguo ukaja. Kasiki haikukwaruzwa, gharama ilikuwa ndogo kuliko ya fundi wa mbali, na mtu wa kigeni hakuingia chumba cha fedha.

Walichopoteza ni siku tisa. Kwa siku tisa walihifadhi mauzo benki kila jioni, jambo ambalo nilikuwa nawaomba walifanye miaka miwili.

Njia hii inahitaji makaratasi. Asiye na risiti wala namba ya kasiki atazungushwa, na ni haki azungushwe. Kama kasiki bado iko kwenye dhamana, anza hapa kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu, maana ikifunguliwa na mwingine dhamana inaweza kufa. Kwa kasiki kongwe za Milner au Chubb wenyeji walizorithi kwenye maduka ya zamani, usitegemee kupata ufunguo ghafi kiwandani; hizo ni za fundi wa kasiki. Godrej ni kampuni ya India inayotengeneza kasiki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 na bado ipo, kwa hiyo muuzaji wake ni mtu wa kuuliza.

Baada ya kufunguka

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukibadilisha namba au kufuli, jaribu mlango ukiwa wazi. Toa makomeo nje mlango ukiwa umeachwa, piga namba mpya, yarudi ndani. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kufunga. Watu wamejifungia kasiki iliyotengenezwa dakika tano zilizopita kwa kuacha hatua hii.

Hapa kwetu unyevu wa ziwa na vumbi vinaingia kila mahali. Pale Mwaloni niliona vitufe vimeshikwa na unga wa dagaa hadi namba 5 haibonyezeki. Futa kibao kwa kitambaa kikavu, usinyunyize dawa ya kutu wala oili ya kupikia ndani ya kufuli. Badilisha betri kila mwaka hata kama hazijaisha. Na ufunguo wa dharura ukae nyumba nyingine, kwa mtu unayemwamini.

Kwa hali yako

Malori yako mlangoni, kasiki ni ndogo ya bati, ndani kuna pesa tu: mwite wa grenda, mwambie akate upande ulio mbali na noti, na uwe na ndoo ya maji karibu.

Umepoteza ufunguo wa kasiki ya nyumbani na hauna haraka ya leo: fundi funguo, umpigie picha tundu la ufunguo kwanza umtumie, ili asije kupanda mlima bure.

Ndani kuna hati ya kiwanja, mikataba au diski ya kompyuta isiyo na nakala: usikubali cheche. Subiri fundi wa kasiki, hata kama ni wiki.

Kasiki ni mpya au ina dhamana: muuzaji kwanza. Uko Ukerewe na kasiki ni nzito: mpigie fundi simu ukiwa na picha za mlango, mpini, kibati na tundu, mkubaliane bei na nini kifanyike akishindwa, ndipo apande meli ya Nansio.

Wezi wamejaribu kuifungua wakashindwa: usiguse, polisi waione kwanza. Baada ya hapo ni kazi ya fundi wa kasiki peke yake, kwa sababu ile kinga ya pili huenda imeshafunga, na fundi funguo atajichosha.

Na kama mwenye kasiki amefariki, hali ni tofauti na zote hizo. Hata kama mnajua namba, ngojeni msimamizi wa mirathi awe na barua ya mahakama. Kisha ifunguliwe mchana, mjane au mgane akiwepo, watoto wakubwa wakiwepo, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, na mtu mmoja akiandika kila kinachotoka: bahasha hii, pete hii, noti hizi zimehesabiwa mara mbili. Nilikuwa mwandishi wa orodha ya namna hiyo katika familia moja ya Pasiansi. Fundi alipomaliza kufungua kufuli alimwambia mjane, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "fungua wewe mwenyewe," akatoka nje kusubiri ujira wake kibarazani.